Pesa ya simu kwenye biashara ya dagaa: huduma nyota nne, makato nyota mbili

Niseme mapema ili asiye na muda asome hapa aendelee na mambo yake: kutuma na kupokea hela kwa simu ndo huduma iliyonisaidia kuliko zote kwenye biashara yangu, na ndo hiyohiyo inayonimega faida kuliko zote. Nauza dagaa kwa jumla hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza, mzigo natoa visiwani na wateja wangu wako Dar, Dodoma, Tunduma, na wachache Burundi na Kongo, kwahiyo hela yangu inashinda kwenye simu na haya siyaandiki kwa kusikia. Sitapima kampuni moja moja kwasababu nina laini za mitandao minne kwenye pochi na kwenye makato wanafanana sana, napima huduma yenyewe, na napima pia mkono wa serikali ulioko ndani yake maana huwezi kuongelea makato ukaiacha serikali nje.

Nianze na sifa. Wa umri wangu mnakumbuka hela ilivyokuwa inasafiri, unamtafuta mtu anayesafiri unamwomba akubebee, au unampa kondakta bahasha na namba ya basi unampigia wa upande wa pili akasubiri stendi, au unapoteza siku nzima kwenye foleni ya benki. Mfanyabiashara wa dagaa ndo ilikuwa balaa zaidi, unapanda boti kwenda visiwani na hela umeifunga kiunoni, ziwani kuna majambazi, na boti ikipigwa dhoruba roho na mtaji vyote viko pamoja. Leo namtumia mchuuzi wangu wa kisiwani hela nikiwa nimekaa kwenye viroba vyangu hapa, anapokea meseji, anapakia mzigo, boti inakuja. Hilo peke yake ni kubwa na sitaki mtu aone nalalamika tu.

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, mwaka uliofuata Vodacom wakaileta kwetu, wakafuata Zantel, Zain ambayo sasa ni Airtel, na Tigo ambayo siku hizi inaitwa Yas. Ukifuatilia ilivyozaliwa unakuta ilianza kama kitu kingine kabisa, Vodafone ya Uingereza walipata hela ya serikali yao ya misaada, wakafanya majaribio Kenya mwaka 2005 pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu ili wakopaji warudishe marejesho kwa simu. Watu wakaanza kutumiana wao kwa wao. Kampuni ikaona mteja anataka nini, ikaweka pembeni ile ya marejesho ikaja sokoni na hii ya kutuma hela nyumbani. Hapo nawapa heshima yao, kuna makampuni mengi yangeng'ang'ania karatasi waliyoandika ofisini.

Ila kilichofanya huduma ishike mpaka vijijini ni wakala, na hapa ndo nataka nikae kidogo kwasababu wengi wanaoisifia hii huduma wanasifia simu na programu, wakala hawamwoni. Benki kufungua tawi ni jengo, walinzi, kasiki, wafanyakazi, umeme wa uhakika. Hawa wenzetu wakachukua duka ambalo tayari lipo na tayari linauza vocha, mwenye duka akaweka mtaji wake mwenyewe, kampuni ikampa laini ya wakala na kamisheni kwa kila muamala. Yaani hela ya kuwahudumia wateja wa kampuni ni ya wakala, hasara ya noti bandia ni ya wakala, akiibiwa ni yake. Kampuni ikapata matawi nchi nzima bila kujenga hata ukuta. Kama mkakati wa biashara kwenye nchi zetu hizi zenye barabara mbovu na watu waliotawanyika, sijaona uliotulia kama huu, na benki zenyewe baadae zikaja kuiga na mawakala wao.

Kuna dada hapa Mwaloni ana meza, mwavuli, na simu zake ndogo kila moja imefungwa raba rangi tofauti kujua mtandao gani. Ana daftari kubwa anaandika jina, namba, kiasi, unasaini. Asubuhi mapema wanunuzi wanatoa cash ya kulipia mzigo, kwahiyo cash inamwishia na floti, yaani hela yake ya kwenye simu, inajaa. Ikifika mchana wauzaji tumeshauza, tunakuja kuweka, sasa cash inajaa na floti inaisha. Kazi yake nzima ni kuhakikisha vile vitu viwili havipishani, anamtuma kijana kwa wakala mkuu, anabadilishana na jirani yake, anapiga simu. Ukimkuta anasema "floti sina, subiri kidogo" ujue kuna kijana yuko njiani anakimbia. Kamisheni anayopata kwa muamala mdogo ni hela ya pipi, na ukiona wakala hataki kukutolea elfu mbili sio dharau, ni kwamba anaogopa kumaliza cash kwa watu wa elfu mbili akaja mtu wa laki tano akamkosa.

Visiwani ni hadithi nyingine. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika. Kwahiyo kwenye giza hela inaingia kisiwani kutoka kwa sisi wanunuzi, yote iko kwenye simu, na wavuvi kila mmoja anataka cash yake mkononi, wakala wa kisiwani anakauka. Cash inabidi ivuke maji kutoka mjini, na yule aliyeivusha anataka gharama ya boti na hatari yake. Ndo unasikia mtu anakatwa "ya juu" nje ya makato yanayoonekana kwenye meseji. Hairuhusiwi, sote tunajua, lakini ukikaa na wakala wa kisiwani akakupigia hesabu zake unakosa cha kumjibu. Kwenye jedwali la makato la kampuni bei ya kutoa hela ni moja nchi nzima, mjini na kisiwani, wakati gharama ya kuifikisha ile noti kisiwani na gharama ya kuifikisha Kirumba ni mbingu na ardhi. Hilo kampuni zinalijua na zimemwachia wakala na mvuvi wamalizane wenyewe. Nimepunguza nyota hapo.

Kitu kingine cha kujivunia kama Watanzania ni hii ya kutuma mtandao wowote kwenda wowote. Mitandao yetu ilianza kuunganishwa 2014 na ilipofika 2016 Vodacom nao wakaingia, wakati jirani zetu Kenya ambao ndo walianzisha hii kitu walikuja kuunganisha mwaka 2018. Sababu ninayoiona ni kwamba kule Safaricom alishakuwa mkubwa mno, siku hizi M-Pesa inamletea zaidi ya asilimia 40 ya mapato ya huduma zake, sasa mkubwa wa hivyo ana haraka gani ya kuwafungulia wadogo mlango? Huku kwetu walikuwa wanne wanasukumana, kila mmoja alikuwa anahitaji wateja wa mwenzake. Na ndo ushindani huohuo ulimfanya Tigo mwaka 2014 aanze kuwagawia wateja riba inayotokana na hela zetu zinazolala kwenye akaunti za benki, lile gawio lililokuwa linaingia kwenye simu bila kutegemea. Lilikuwa dogo lakini ilikuwa haki, hela ni yetu, riba yake inakuwaje ya mtu mwingine? Kwahiyo mkisikia mtu anasema soko lenye kampuni nyingi ni vurugu tu, mwambieni aangalie hapa.

Sasa tuje kwenye makato maana ndo penyewe.

Hakuna Mtanzania asiyejua maneno "tuma na ya kutolea". Maneno yale manne yanaonyesha tatizo lote la hii huduma. Tunatumiana hela za kwenye simu huku wote tunajua kwamba anayepokea hatabaki nazo kwenye simu, atakwenda kuzitoa, na kuzitoa kuna bei, na bei hiyo inabidi mtumaji aibebe la sivyo ameonekana mchoyo. Nichukulie hela ya mzigo mmoja. Mteja wangu wa Tunduma ananitumia, anakatwa ya kutuma na ananiwekea ya kutolea. Mimi sitoi, namtumia mchuuzi wa kisiwani, nakatwa ya kutuma nami namwekea ya kutolea. Yeye anatoa, anakatwa, anawalipa wavuvi. Mvuvi anaweka kwa wakala kuweka ni bure, anamtumia mama yake Sengerema, anakatwa. Mama anatoa, anakatwa. Hela ileile, ndani ya siku mbili tatu, imekatwa mara tano, na ndani ya kila kato la kampuni kuna VAT na ushuru wa bidhaa. Na kwasababu makato yanakwenda kwa viwango, ukipiga asilimia anayekatwa zaidi ni yule wa mwisho mwenye hela ndogo, yaani yule mama. Mtu anayetuma milioni anakatwa shilingi nyingi lakini ukilinganisha na hela yake ni vumbi tu.

Halafu ikaja tozo. Tarehe 15 Julai 2021, juu ya makato yaliyokuwepo, serikali ikaweka tozo yake kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala, ukituma unakatwa, aliyetumiwa akitoa anakatwa. Wiki ile hapa Mwaloni ilikuwa kama msiba. Watu walikuwa wanaonyeshana meseji, mtu anasoma mstari wa makato anarudia kusoma. Na baada ya hapo nikaona kitu ambacho nilidhani kimeshakufa: hela ikarudi kwa madereva. Wateja wangu wa Dodoma wakaanza kumpa dereva wa fuso cash alete, mmoja akaniambia bora nimpe dereva soda kuliko kukatwa huko na huko. Miaka zaidi ya kumi tumejifunza kutobeba hela, ndani ya wiki moja watu wakaanza kubeba tena. Vodacom Tanzania kwenye taarifa zao za fedha walisema wazi mapato ya M-Pesa yameathirika na tozo.

Serikali ilisikia, hilo niseme kwa haki. Septemba 2021 wakapunguza kwa asilimia 30, Julai 2022 kiwango cha juu kikashushwa mpaka 4,000 ila hapohapo tozo ikaingizwa mpaka kwenye miamala ya benki, kelele zikaanza upya, Oktoba mwaka huohuo zikafutwa baadhi, na Julai 2023 tozo ya kutuma ikaondolewa. Na madarasa na vituo vya afya vilijengwa kwa hela ile, vingine tunavipita barabarani, siwezi kusema hela iliyeyuka. Mimi nataka nchi iwe na hela. Shida yangu ni mahali walipochagua kuikata. Kodi ya mapato inakuuliza umepata faida shilingi ngapi. Tozo ya muamala haikuulizi kitu, inahesabu tu hela imehama mara ngapi. Sasa biashara kama ya dagaa faida kwa kiroba ni ndogo na tunaishi kwa kuzungusha, leo nunua kesho uza keshokutwa nunua tena. Mwenye mtaji mkubwa anafanya muamala mmoja mkubwa kwa mwezi anakatwa mara moja na kiwango kina kikomo, mimi nazungusha hela kidogo mara nyingi nakatwa kila mzunguko. Inamkamata anayehangaika kuliko aliyetulia. Na ukiongeza hapo kwamba hii nchi ilishafikisha asilimia 65 ya watu wazima kwenye huduma rasmi za fedha mwaka 2017 na 2023 ikafika asilimia 76, kwa kiasi kikubwa kwasababu ya simu hizihizi, unaona tunaweka geti kwenye barabara ambayo ndo imetuingiza mjini.

Na sio sisi peke yetu, ndo maana nasema hili ni somo la nchi zote za kwetu huku. Uganda Julai 2018 waliweka asilimia 1 kwenye miamala ya simu, watu wakaacha kutumia, Novemba mwaka uleule wakashusha mpaka nusu asilimia na wakaibakiza kwenye kutoa tu. Sisi tulikuwa tumeshaona hilo kwa jirani miaka mitatu kabla. Ghana wakaja na yao Mei 2022, asilimia 1.5, wakashusha ikawa 1 mwanzoni mwa 2023, na 2025 wakaifuta kabisa. Kenya walipandisha ushuru kwenye makato ya kutuma hela kutoka asilimia 12 kwenda 15 mwaka 2023, mwaka uliofuata kwenye ule muswada wa fedha walitaka iwe 20, vijana wakaingia barabarani muswada ukaondolewa. Kila nchi inaona namba kubwa ya miamala kwenye karatasi inadhani imeona mgodi. Ile namba ni hela ileile imehesabiwa kila ilipopita mkononi mwa mtu, mzigo wangu mmoja wa dagaa unaonekana mara tano kwenye ile takwimu.

Upande wa pili angalieni walioacha kukata. Kenya Machi 2020, kipindi cha korona, Benki Kuu yao ilifuta makato ya kutuma kiasi kisichozidi shilingi 1,000 za kwao, ikaenda hivyo mpaka mwisho wa 2020, na makato yaliporudi yalirudi yakiwa yamepunguzwa. Kampuni haikufa. Somaliland kuna huduma inaitwa Zaad ya kampuni ya Telesom tangu 2009, kutumiana ni bure, watu wanalipa mpaka muuza mboga kwa simu na hela haitolewi inazunguka humohumo ndani, kampuni inakula kwenye vocha na kwenye wateja wasiohama. India wana mfumo wao wa malipo ya simu unaoitwa UPI tangu 2016, Brazil Benki Kuu yao ilianzisha Pix Novemba 2020, mtu wa kawaida hakatwi akimtumia mwenzake, na kule wauza barabarani wamebandika QR kwenye mikokoteni. Sikatai, India na Brazil watu wengi wana akaunti za benki, na mfumo umejengwa na taasisi zao za fedha, huku kwetu mjenzi ni kampuni ya simu ambayo ina wanahisa wanataka gawio, na ina mawakala wa kulipa. Gharama ipo na lazima mtu ailipe. Ila Benki Kuu yetu nayo sasa ina TIPS inayounganisha benki na mitandao yote, kwahiyo njia yenyewe tayari ipo, kilichobaki ni uamuzi wa bei ya kupita juu yake.

Hapo ndo nafika kwenye Lipa Namba, ambayo kwangu ndo sehemu nzuri zaidi ya huduma yote kwa sasa. Mteja analipa kwenye namba ya biashara, ile habari ya "na ya kutolea" inakufa papo hapo kwasababu hanitumii mimi mtu, analipa duka. Jina la biashara linatokea kabla hajaweka namba ya siri, kwahiyo hofu ya kukosea inapungua. Jioni naona mauzo yote sehemu moja, na nilipoenda kuomba mkopo nilitoa taarifa ya miamala ya simu wakaisoma wakanielewa, daftari langu la mkono wasingeligusa. Kwa mtu wa sokoni ambaye hajawahi kuwa na hesabu zinazoaminika, hicho ni kitu kikubwa sana na hakisemwi vya kutosha.

Ubaya wake ni kwamba inafanya kazi ukiwa na wa kumlipa naye anapokea kwa Lipa Namba. Mimi namlipa mwenye magari hivyo, namlipa mwenye viroba hivyo, basi. Wabeba mizigo wanataka cash, mama wa chakula anataka cash kwasababu muuza mkaa wake anataka cash, ushuru wa boti cash. Na wengi wa wenzangu hapa sokoni wanaikwepa kwa sababu ambayo hawaisemi kwa sauti: wanaogopa TRA akiona mauzo yaliyopita kwenye simu atayachukulia kama faida. Mtu mwenye mzunguko mkubwa na faida ndogo kama sisi hofu hiyo ina msingi kabisa. Nimeona duka zuri tu limebandika Lipa Namba ukutani halafu mwenye duka anakwambia "nitumie kwenye namba hii ya kawaida". Serikali inataka uchumi usio na cash, vizuri, naunga mkono, lakini basi imhakikishie mfanyabiashara mdogo kwamba kuonekana hakutamponza. Huwezi kumwambia mtu ajitokeze kwenye mwanga halafu wa kwanza kumkuta pale ni mkusanya kodi na makadirio yake.

Mikopo ya kwenye simu nitaipita haraka. Ile ya kukuongezea salio unapopungukiwa wakati unatuma imeniokoa mzigo ukiwa unasubiri bandarini na gari iko tayari kuondoka. Ni ghali ukiiacha ikae. Kwa mzigo unaouzika kesho inalipa, kwa ada ya shule usiiguse.

Huduma kwa wateja inategemea na siku. Kuna mtandao mmoja, siutaji, ulikata siku ya mnada, hela imetoka kwa mteja kwangu haijafika, mteja anaapa ametuma na anaonyesha meseji, mzigo umeshapimwa, watu nyuma wanasubiri. Nikapiga simu nikawekwa kwenye muziki mpaka salio la uvumilivu likaisha. Hela iliingia usiku. Mzigo ule mteja aliukosa maana gari liliondoka, na hakuna aliyetuomba radhi wala kumfidia mtu. Benki Kuu inatakiwa iwabane hapa, muamala ukikwama zaidi ya saa fulani mteja afidiwe kiasi kinachojulikana bila kuandika barua. Wakiniuliza kitu kimoja cha kubadilisha kwenye kanuni kesho asubuhi nitasema hicho, na cha pili nitasema kutuma kiasi kisichozidi elfu kumi kuwe bure kabisa, kampuni isikate na serikali isikate. Elfu kumi ndo hela ya mama Sengerema, ndo hela ya mbeba mzigo anayetuma nyumbani, na mtu akizoea kuitumia bure ataanza kuiacha kwenye simu, na akiiacha kwenye simu wakala wa kisiwani hatakauka kila giza likiingia.

Utapeli, mnazijua zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Nyingi zinakuja siku za mnada. Kwa uzoefu wa hapa sokoni dawa ni moja, mteja mpya na wa zamani tunapigiana simu tunasikilizana sauti kabla ya hela kubwa kutoka, na muamala unaangaliwa kwenye salio sio kwenye meseji, meseji mtu yeyote anaweza kukutengenezea.

Kwa mnaoanza biashara ya mazao au samaki na mnauliza mchukue nini: kuwa na laini za mitandao miwili isiyo ya kampuni moja ili mmoja ukikata mwingine ufanye kazi, chukua Lipa Namba kwa jina la biashara na sio jina lako, pata TIN yako mapema na uweke na kumbukumbu za manunuzi ili siku ya kukadiriwa uwe na cha kuonyesha kwamba ile hela nyingi iliyopita ilikuwa mtaji, kubaliana na mteja wako wa mbali nani anabeba makato kabla mzigo haujapakiwa, na wakala wako wa karibu mpigie simu siku moja kabla kama utahitaji cash zaidi ya milioni moja, atakuandalia.

Huduma nne kati ya tano. Makato mbili kati ya tano, na moja ya hizo mbili ni kwasababu ile tozo ya kutuma waliiondoa.